KAKA LA YAI SI TAKATAKA
Jinsi ya kutengeneza chakula cha kalisi kwa njiwa na kuku wa nyumbani

Kila asubuhi, katika nyumba nyingi za miji yetu, yai hugongwa ukingoni mwa kikaango, ute na kiini hutiwa katika mafuta ya moto, na ganda tupu hutupwa jaani. Ganda hilo, ambalo kwa Kiswahili fasaha huitwa kaka, huhesabiwa kuwa ni taka kama majivu na maganda ya vitunguu. Hata hivyo wako wafugaji wa njiwa na kuku, hasa akina mama, ambao hawalitupi. Hulikausha, hulitwanga, na kuwapa ndege wao. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba ndege apewaye ganda hutaga vizuri. Katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini jibu hilo ni sahihi, lina mipaka gani, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kulipima katika maabara ya shule.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu alianza kufuga njiwa. Kwa kuhofia paka na mwewe, tuliwajengea banda lililozibwa kila upande kwa mbao na mabati, nasi tukawalisha mtama na mahindi ya kuparaza. Baada ya miezi michache njiwa jike mmoja alitaga yai lenye ganda laini kama karatasi iliyolowa. Jike wa pili alijikunyata pembeni siku nzima, manyoya yamemsimama, na kesho yake alikufa. Nilipompasua nilikuta yai limekwama katika mrija wa mayai. Nikajisemea kwamba dawa naijua: hawa wamekosa kalisi. Nikawatwangia makaka ya mayai. Lakini jike yule wa kwanza alipotaga tena, ganda la yai lilikuwa laini vile vile. Kwa nini? Jibu tutalifikia baadaye.

Ganda limetengenezwa kwa nini?

Ganda la yai la kuku lina uzito wa gramu 5 hadi 6 hivi. Katika kila gramu 100 za ganda kavu, gramu 94 hivi ni kalisi kabonati (CaCO₃). Zinazobaki ni magnesi kabonati kidogo, fosfati kidogo, na nyuzi za protini zinazoyashika madini hayo pamoja. Kalisi kabonati ndiyo hiyo hiyo tuionayo katika mawe ya chokaa, matumbawe na makombe ya baharini. Kwa kuwa kalisi ni sehemu 40 katika 100 za uzito wa kalisi kabonati, ganda la gramu 5.5 lina kalisi ya gramu 2 hivi.

Kuku hulijenga ganda hilo kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku. Kalisi yote hutoka katika damu yake. Nayo damu huipata kutoka wapi? Kwanza, katika chakula kilichomo tumboni. Pili, katika akiba iliyomo ndani ya mifupa. Mwaka 1934 wataalamu wawili, Preston Kyes na Truman Potter, walieleza jambo la ajabu walilolichunguza katika njiwa jike: anapokaribia kutaga, ndani ya uwazi wa mifupa yake mirefu huota mfupa wa pekee, laini, wenye matundu mengi. Mfupa huo huota kwa amri ya homoni za kike, na kazi yake ni kuwa ghala. Chakula kikipunguka usiku, ndege hukopa kalisi kutoka ghala hilo, na mchana hulipa.

Mkopo usiolipwa humwangamiza mkopaji. Jike akiendelea kutaga pasipo kupata kalisi ya kutosha, mwili humeng'enya hata mifupa inayombeba, miguu hulegea, na maganda ya mayai huwa membamba. Tena kalisi ina kazi nyingine. Misuli yote hujikaza kwa msaada wake, pamoja na misuli inayolisukuma yai litoke. Kalisi ikipungua katika damu, misuli hiyo hukosa nguvu na yai hukwama. Ndiyo maana yai laini na yai lililokwama ni ndugu wawili, watoto wa mama mmoja.

Hesabu ya nafaka

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, mahindi hayatoshi? Na tufanye hesabu. Katika kilo moja ya mahindi mna kalisi ya gramu 0.2 tu. Ili kuku apate gramu 2 za ganda la yai moja kutoka mahindi peke yake, ingempasa ale kilo 10, hata kama tumbo lake lingefyonza yote. Lakini kuku hula gramu 100 hivi tu kwa siku. Zaidi ya hayo, nafaka zina fosforasi nyingi kuliko kalisi, na sehemu kubwa ya fosforasi hiyo imo katika asidi ya fitiki, ambayo huishika kalisi na kuizuia isifyonzwe.

Kuku anayezurura uani hujitafutia konokono, wadudu, majani na vipande vya chokaa ukutani. Lakini njiwa, kasuku au chiriku aliyefungiwa hana ila anachopewa. Upungufu huu huweza kuwapata hata ndege wa mwituni. Mwaka 1994 Jaap Graveland na wenzake huko Uholanzi walieleza kwamba, katika misitu ambayo udongo wake ulikuwa umeongezeka asidi, konokono walikuwa wamepungua, na ndege wadogo waliotegemea makombe yao walikuwa wakitaga mayai yenye ganda bovu. Walipowekewa makombe ya konokono na maganda ya mayai ya kuku, kasoro hizo zilipungua.

Namna ya kutengeneza

Kazi hii haihitaji chombo chochote kisichokuwamo jikoni.

1. Chagua makaka ya mayai mazima yasiyooza. Usitumie ya mayai yaliyopakwa rangi. Yaoshe kwa maji matupu, bila sabuni, mara tu baada ya kuvunja yai, kabla ute haujakauka. Ngozi nyembamba ya ndani si lazima kuiondoa, ila ukiiondoa ganda litakauka upesi.

2. Yachemshe kwa dakika 10 tangu maji yaanze kutokota. Hatua hii isirukwe kamwe. Ganda huweza kubeba bakteria wa salmonela, na mayai yaliyotoka katika banda lenye ugonjwa huweza kuleta virusi vya kideri nyumbani kwako. Maji yanayochemka huwaua wote hao.

3. Yaanike juani mpaka yakauke. Kisha yatie katika oveni yenye joto la nyuzi 100 hadi 120 za sentigredi kwa dakika 15 hivi. Asiye na oveni ayakaange katika kikaango kikavu, juu ya moto mdogo, akiyageuza-geuza, mpaka yavunjike kwa mlio mkavu yanapofinywa.

4. Yakipoa, yatwange katika kinu, kisha yachekeche. Punje za ukubwa wa chenga za mchele ziwe za kuku. Zilizo kama mchanga mnene ziwe za njiwa, na zilizo laini zaidi ziwe za ndege wadogo. Hifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko.

Kwa nini tusisage yote kuwa unga? Kwa sababu punje nene hukaa katika firigisi kwa muda mrefu, zikiyeyuka kidogo kidogo kwa asidi itokayo tumboni. Hivyo kalisi huendelea kuingia katika damu usiku, wakati ganda linapojengwa, hali unga hupita upesi. Wala tusiwape makaka mazima, maana kuku akizoea kudonoa kitu chenye umbo la yai, huenda akaanza kula mayai yake mwenyewe. Tena wafugaji wasichanganye ganda na changarawe. Changarawe haiyeyuki, na kazi yake ni kusaga nafaka katika firigisi. Ganda huyeyuka na kwisha. Moja haliwezi kuwa badala ya jingine.

Hadhari ya moto

Wako wanaodhani kwamba kuyatia makaka katikati ya makaa mekundu ni njia ya mkato ya kuua vijidudu. Hili ni kosa la hatari. Katika joto kali, kadiri ya nyuzi 800 na zaidi, kalisi kabonati huvunjika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Hewa ya ukaa hutoroka, na kinachobaki ni chokaa hai. Wajenzi wa Lamu, Unguja na Kilwa walitumia badiliko hili hili walipochoma matumbawe juu ya marundo ya magogo ili wapate chokaa ya kujengea nyumba za mawe. Chokaa hai hufaa ukutani, lakini haifai mdomoni mwa kiumbe chochote, kwani ikikutana na maji hutoa joto kali na huunguza. Joto la oveni ya jikoni liko mbali sana na kiwango hicho, na kwa hiyo halilibadilishi ganda.

Kipimo chake

Tumekwisha kuona kwamba ganda moja lina gramu 2 hivi za kalisi, na yai moja linahitaji gramu 2 hivi. Msomaji asikimbilie kusema kwamba kaka moja hulipa yai moja. Ndege hafyonzi kalisi yote aliyokula. Kwa wastani tukadirie nusu. Basi kwa kuku anayetaga kila siku, makaka mawili ndiyo yanayokaribia kulipa yai moja, na makaka ya mayai yake mwenyewe hayatamtosha. Hapo ndipo makaka ya mkahawa au ya jiko la shule, pamoja na makombe ya baharini yaliyosagwa, yanapokuwa na thamani.

Hata hivyo kalisi iliyozidi ni sumu. Vifaranga, majogoo na majike yasiyotaga wakilazimishwa kula kalisi nyingi, figo zao huharibika. Kwa hiyo usichanganye unga wa ganda katika chakula cha wote. Uweke katika chombo chake peke yake, nao watakula kwa kadiri ya haja yao. Majike yanayotaga hukiendea chombo hicho, hasa wakati wa jioni.

Jua lililokosekana

Sasa turudi katika banda letu. Njiwa wale walikuwa wakila ganda, nami nililiona likipungua chomboni, lakini kalisi ilikuwa ikipita tumboni na kutoka. Mwaka 1966 R. H. Wasserman na A. N. Taylor, wakichunguza utumbo wa vifaranga, walionyesha kwamba vitamini D huufanya utumbo utengeneze protini maalumu ya kushika kalisi. Pasipo vitamini hiyo mlango ni kama umefungwa. Nafaka hazina vitamini D. Ndege huitengeneza katika ngozi yake isiyo na manyoya, hasa ya miguuni, ngozi hiyo ipigwapo na mionzi ya urujuanimno ya jua. Banda letu lilikuwa giza. Hata kioo cha dirisha kisingelisaidia, kwa maana kioo huizuia mionzi hiyo.

Tuliondoa mabati ya upande wa mashariki, tukaweka wavu wa waya. Njiwa wakawa wanaota jua kila asubuhi, mabawa wameyatandaza. Baada ya majuma machache jike yule alitaga mayai mawili yenye ganda gumu, na makinda yakaanguliwa. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu habari za vitamini D kwa miaka mingi, lakini nilimjengea njiwa nyumba kama kwamba sijapata kuisikia.

Zoezi la maabara

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili kwa vifaa vya kidato cha tatu na cha nne. Pima gramu 0.50 za unga wa ganda uliokaushwa. Tia sentimita za ujazo 25.0 za asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa mole 1.0 kwa lita. Povu litatoka:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Povu likikoma, tia matone ya methili oranji, kisha pima asidi iliyobaki kwa kuongeza kutoka katika bureti sodiamu haidroksaidi ya ukolezi ule ule. Tuseme zimetumika sentimita za ujazo 15.6. Basi asidi iliyotumiwa na ganda ni 25.0 − 15.6, yaani 9.4. Kila sentimita moja ya ujazo ya asidi hiyo hula gramu 0.05 za kabonati. Kwa hiyo ganda lilikuwa na gramu 0.47, yaani sehemu 94 katika 100. Wanafunzi walinganishe ganda la kuku wa kienyeji na la kuku wa kisasa, la yai la kwanza na la yai la mwisho la mtago mmoja, kisha wajadili tofauti watakazoziona.

Shule isiyo na maabara haikosi siki. Yai zima likilazwa katika siki kwa siku moja au mbili, ganda lote huyeyuka na yai hubaki katika ngozi yake laini. Mwanafunzi akilishika yai hilo mkononi, atakuwa ameshika mfano wa yai alilotaga njiwa wangu katika lile banda la giza.