Nozeli ya Kuzunguka kwa Kuoshea Sakafu za Karafuu



Masika yamekwisha, na sakafu zetu za kuanikia zimebaki katika hali ile tuijuayo sote: nyeusi kwa ukungu katikati, na pembeni utelezi wa kijani ambao mtu asipoangalia utamwangusha na pakacha lake. Sakafu ya namna hii haifai kumwagiwa karafuu. Karafuu mbichi hunasa kila inachokikuta chini, na mpimaji kituoni hana haja ya kujua kama mchanga ule umetoka mtini au sakafuni; yeye huona uchafu, basi daraja hushuka.

Wanachama kadhaa wamekwisha kununua mashine za kuoshea kwa maji ya presha, na wengine huziazima kwa vijana waoshao magari. Sasa madukani wanaonyeshwa nozeli ya kuzunguka, nao wanauliza ofisini kama inafaa kununuliwa. Jibu ni kwamba kwa sakafu ya saruji inafaa sana, lakini sharti ichaguliwe kwa kipimo cha pampu. Mwenye kuichagua kwa macho, au kwa bei peke yake, huenda akarudi na kitu kisichosafisha, au kitakachomharibia mashine.

Kwanza tueleze inavyofanya kazi. Nozeli za kawaida ni za namna mbili. Ipo itoayo maji kama upepeo, nayo huenea vizuri lakini nguvu yake imegawanyika. Ipo itoayo uzi mmoja wa maji, wenye nguvu nyingi, lakini ukiosha sakafu kwa uzi huo utakuwa kama mtu anayelima shamba kwa sindano. Nozeli ya kuzunguka imechanganya mambo haya mawili. Ndani yake mna kijiti chenye tundu, na ncha ya kijiti hicho hukaa katika kikombe kidogo cha kauri. Maji huingia kwa upande, yakazunguka kwa kasi na kukichukua kijiti pamoja nayo. Uzi wa maji hutoka ukichora duara, maelfu ya mara kwa dakika, hata jicho likaona kama faneli ya maji. Ukiishika kiasi cha sentimita 30 kutoka sakafuni, duara lile huwa na upana wa sentimita 10 hivi, na kila mahali ndani yake hupigwa na uzi wenye nguvu kamili.

Sasa tufike penye shida, napo ni ukubwa wa tundu. Juu ya nozeli pameandikwa namba kama 025, 03, 035, 04 au 045, yaani mbili na nusu, tatu, tatu na nusu, na kuendelea. Namba hiyo si ya mapambo. Maana yake ni galoni ngapi za maji hupita katika tundu hilo kwa dakika moja ikiwa presha ni paundi 4,000 kwa inchi ya mraba, ambazo ni kiasi cha bar 276. Galoni hiyo ni ya Kimarekani, yenye lita 3.8 hivi, siyo ile ya Kiingereza ya lita nne na nusu ambayo wazee wetu waliizoea kwa madebe.

Pampu zetu nyingi hazifiki presha hiyo, kwa hiyo hesabu hubadilika. Tutoe mfano wa mashine ya petroli iliyoandikwa 3000 PSI na lita 9.5 kwa dakika. Mashine hiyo yataka nozeli namba 3. Ikiwa presha ni hiyo hiyo lakini maji ni lita 11.4, chukua namba 3 na nusu. Na ikiwa ni lita 15, chukua 4 na nusu. Mashine ndogo za umeme, tuseme bar 130 na lita 7 kwa dakika, hesabu yake huangukia katikati ya mbili na nusu na tatu. Hapo chukua lililo kubwa, yaani tatu. Presha itapungua kidogo, lakini pampu itapumua.

Asidhani mtu kwamba nusu namba ni jambo dogo. Maji hayapiti katika tundu kwa hesabu ya moja kwa moja: ukitaka kupitisha maji mara mbili katika tundu lile lile, presha sharti iwe mara nne. Basi ukitia namba 3 katika mashine inayotaka namba 4, presha ingelazimika kupanda karibu mara moja na robo tatu ya ile iliyoandikwa. Pampu haikuumbwa kwa hayo. Vali ya kurudisha maji itafunguka, maji yatazunguka ndani kwa ndani na kupata moto, injini italalamika, na mipira ya kuzuia maji itakufa moja baada ya moja. Kinyume chake, ukitia namba 5 mahali pa namba 4, presha itashuka chini ya theluthi mbili, na ukungu utabaki pale pale ukikutazama. Nozeli nzuri ni ghali kidogo, lakini pampu ni ghali zaidi mara nyingi.

Kama kibandiko cha mashine kimefutika, wingi wa maji hupimwa kwa ndoo. Ondoa nozeli, washa mashine, elekeza mkono wa bomba katika ndoo ya lita 20, na utazame saa. Ikijaa kwa dakika mbili, pampu yako hutoa lita 10 kwa dakika. Presha haipimwi kwa ndoo. Hiyo yataka fundi mwenye geji. Na maadamu ndoo iko mkononi, pima na mfereji wako pia. Mfereji usiotoa maji zaidi ya yale yanayovutwa na pampu huifanya pampu ivute hewa, nayo huharibika upesi. Penye mfereji dhaifu ni heri kujaza tangi kwanza, na kutia chujio, kwani chembe ya mchanga ikifika katika kile kikombe cha kauri ndiyo mwisho wake.

Tazama pia mambo mawili kabla ya kulipa. Presha ya juu iliyoandikwa kwenye nozeli isiwe chini ya ile ya pampu. Na skurubu ilingane: skurubu ya robo inchi ya Kiingereza ina meno 19 kwa inchi, ya Kimarekani ina meno 18. Zinafanana machoni, na zitaanza kuingiana, kisha zitakwama. Usilazimishe.

Katika kuitumia, fagia sakafu kwanza, uilowanishe, na uiache kidogo ili ukungu ulainike. Elekeza nozeli chini, ndipo ubonyeze triga, maana kijiti hukaa vizuri katika kikombe chake kikiwa kimeelekea chini. Anza mbali, sentimita 60 hivi, kisha sogea polepole hadi uone uchafu unatoka, wala usikaribie zaidi ya hapo. Tembeza mkono bila kusimama, kila mstari ulalie kidogo mstari uliopita, na uanzie upande wa juu ili maji machafu yateremke, yasielekee kisimani. Ukisimama mahali pamoja, nozeli itachora duara katika saruji, na duara hilo halifutiki. Hapa ndipo hasara kubwa ilipo: saruji iliyochimbwa huanza kutoa mchanga, na mchanga huo utakaa na karafuu zako kila msimu.

Kwa sababu hiyo hiyo, sakafu mpya isiyotimiza siku 28 isiguswe, na ile inayobanduka ipelekewe mwashi kabla ya maji. Sakafu za zamani za chokaa na mawe zisafishwe kwa brashi na mikono tu. Majamvi ndiyo kabisa yasisogezwe karibu. Nozeli hii hukata ukili kama kisu. Sabuni nayo haipiti katika nozeli hii, kwani kifyonza sabuni cha mashine hizi hufanya kazi presha ikiwa ndogo. Na penye chakula cha kuuzwa hatuitaki.

Kuhusu mwili wa mtu, nasema kwa mkazo. Uzi huu wa maji hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana kama tundu dogo, pengine bila maumivu makubwa, ilhali ndani maji na uchafu vimekwenda mbali. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe kuwa ni maji ya presha, hata kama mwenyewe anacheka na kusema si kitu. Vaa viatu vya kufunika mguu, siyo champali, na miwani. Watoto wakae mbali. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya ghala, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Kabla ya kubadili nozeli, zima mashine, funga mfereji, kisha bonyeza triga mpaka maji yote yaliyobanwa yatoke.

Nozeli ikianza kutikisika, au ikatoa uzi uliosimama bila kuzunguka, imeingia mchanga au kauri imelika. Ifungue na uisafishe kwa maji safi. Usiichokoe kwa msumari.

Mwenye sakafu ndogo haimlazimu kununua; brashi ngumu na asubuhi moja humtosha. Wanaotaka kuingia katika ununuzi wa pamoja walete ofisini maandishi ya mambo matatu: presha ya mashine, lita kwa dakika, na namna ya skurubu. Atakayeleta jina la mashine peke yake hatutaweza kumwagizia.

Katibu