Sinema (ukumbi)

Sinema ni ukumbi au jengo ambamo watu hukusanyika na kulipa kiingilio ili kutazama filamu pamoja. Neno limetokana na Kiingereza cinema. Katika Kiswahili lina maana mbili: jengo lenyewe, na filamu inayoonyeshwa ndani yake. Makala hii inahusu maana ya kwanza, na hasa jinsi neno linavyotumika Tunduma na kwingineko katika mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako maana ya pili imeishinda ile ya kwanza.

Asili ya neno

Mzizi wake ni neno la Kigiriki kinema, yaani mwendo. Ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa waliiita mashine yao cinématographe, wakaionyesha kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Baadaye jina la mashine lilifupishwa, likawa jina la jumba.

Wamarekani hutumia movie theater kwa jumba hilohilo. Neno hilo halikuingia katika Kiswahili cha Tanzania, na lingeleta mkanganyiko, kwa kuwa thieta ni chumba cha upasuaji hospitalini. Mtu aliyepelekwa thieta hupewa pole, haulizwi picha ilikuwaje.

Tahajia ya kinema nayo iliwahi kutumiwa na Waingereza, na ilifika Tanganyika. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kati ya 1935 na 1937, ulikuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzionyesha kwa lori lililozunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hapo sinema haikuwa jengo hata kidogo. Ilikuwa gari, jenereta na kitambaa cheupe, na kesho yake imeondoka.

Majumba

Majumba halisi yalianza pwani. Unguja ilipata Royal Cinema mwaka 1921. Liliteketea kwa moto mwaka 1954 na mahali pake pakajengwa Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon na mengine, na kuanzia 1966 ilikuwa na sinema ya wazi ya Drive-In, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari. Eneo la Drive-In sasa lina ubalozi wa Marekani. Video, kisha televisheni iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994, zilipunguza watazamaji, na majumba mengi yakafungwa au kugeuzwa kuwa maghala, maduka na makanisa.

Mpakani

Songwe ni mkoa mpya, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu yake ni Vwawa, lakini mji wake mkubwa ni Tunduma, unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Tunduma ilikua kutokana na mpaka, barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Ilipokuwa mji wa watu wengi, zama za kujenga majumba ya sinema zilikuwa zimepita.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa huku hawakuwa na habari za filamu. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye kambi za wachimbaji huko filamu zilionyeshwa hadharani usiku, za makauboi zikipendwa kuliko zote. Kule neno lililovuma lilikuwa bioskopu, lililotoka Afrika Kusini. Kiswahili hakikulichukua; kilibaki na sinema.

Kibanda umiza

Kinachofanya kazi ya sinema katika miji kama Tunduma, Mlowo na Vwawa ni banda la video, linalojulikana zaidi kama kibanda umiza. Ni chumba cha tofali, mbao au mabati, chenye mabenchi, runinga na spika, madirisha yakiwa yamezibwa kuzuia mwanga. Ubao wa nje huandikwa kwa chaki picha za siku na saa zake. Jina linajieleza: benchi gumu, joto na watu waliobanana huumiza. Kiingilio ni shilingi chache, na hupanda siku ya mechi kubwa. Siku hizi ligi ya Uingereza na mechi za Simba na Yanga hujaza vibanda vingi kuliko filamu.

Jambo ambalo majumba ya zamani hayakuwa nalo ni mtafsiri. Filamu ya Kichina, Kihindi au Kimarekani huwekewa sauti ya Kiswahili ya mtu mmoja anayesimulia, kufafanua na kutania. Aliyesifika zaidi katika kazi hiyo Tanzania ni Lufufu. Kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza wala kusoma maandishi ya chini upesi, huyu ndiye aliyeifungua filamu, na kwa hoja hiyo kibanda kimewahudumia watu ambao jumba la Dar es Salaam halikuwafikiria.

Lakini kisheria kibanda na sinema ni kitu kimoja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na mahali pa kuonyeshea pawe na leseni. Bodi ya Filamu hupanga pia madaraja ya umri. Hapa ndipo penye ugomvi. Mwenye banda hujiona mfanyabiashara mdogo mwenye runinga, si mwenye sinema. Mzazi humtafuta mtoto aliyetoroka shule na kumkuta mbele ya picha ya watu wazima. Na mtengenezaji wa filamu hapati kitu kwa nakala inayoonyeshwa kutwa nzima.

Matumizi mengine

Sinema iko katika ngeli ya I-ZI: sinema imefungwa, sinema zimefungwa. Zamani wengine waliandika senema. Kwa kuwa neno hutumika zaidi kwa filamu, anayetaka kutaja jengo husema jumba la sinema au ukumbi wa sinema. Mitaani neno limekwenda mbali zaidi: ugomvi wa hadharani huitwa sinema ya bure, na anayejifanya kuzimia mbele ya mdai wake huambiwa aache sinema.