Mchezo wa Mkononi, na Shimo Lake

Ule mchezo wa mkononi ambao watoto wanagombania si kitu kigeni kabisa. Bati inayounganisha vipande vyake vya umeme inatoka katika kasiterite, jiwe kama lile la Kalima. Basi tuuangalie vizuri.

Tetris, iliyoenea na Game Boy tangu 1989, haina damu wala maneno ya kusoma. Hata bibi anaweza. Lakini inakula saa!

Mimi napenda zaidi Stardew Valley (2016). Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Iko pia kwa Kifaransa. Mchezaji anarithi shamba la babu yake, analima, anavua samaki. Kuna baa ndani, ndiyo, mzazi ujue. Tena kuna mgodi wa ngazi 120. Ukizimia kule chini, unaamka, umepoteza pesa na vitu kidogo tu.

Hapo sasa, keti karibu na mtoto. Muulize: shimo la kwetu likianguka, nani anaamka? Labda baba yake yuko huko, ao kaka. Mwache aseme yeye kwanza, wewe usikilize, hata kama betri inaisha.