Nani Alimlipa Askari wa Kirumi

Katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, askari wa Kirumi alipomaliza vita alitazamia kupewa ardhi na nyara na jemadari wake, wala si na serikali, na kwa sababu hiyo alikuwa tayari kumfuata jemadari huyo hata alipoishambulia Roma yenyewe. Augustus, kaisari wa kwanza, aliyeshika mamlaka kwa njia hiyohiyo, aliufahamu udhaifu huo vizuri. Mshahara wa dinari 225 kwa mwaka, ambao Julius Caesar alikuwa ameuweka, aliuacha kama ulivyokuwa. Alichokibadilisha ni mkono uliotoa malipo.

Jeshi lake la kudumu lilipangwa kwa legioni, yaani vikosi vya askari wa miguu wapatao 5,000 kila kimoja, na kila legioni iligawanywa katika kohorti kumi, kisha katika makundi ya watu 80 hivi chini ya akida, cheo ambacho wasomaji wa Injili wanakifahamu. Wote waliapa kila mwaka kumtii kaisari.

Kiapo peke yake hakikutosha. Mshahara ulilipwa kwa awamu tatu, nao ulipunguzwa na makato ya chakula, mavazi na silaha, kiasi kwamba mwaka 14 baada ya Kristo, mara tu Augustus alipofariki, legioni za jimbo la Pannonia ziliasi zikidai dinari nzima kwa siku na kupunguziwa miaka ya utumishi, huku askari wakilalamika kwamba iliwabidi wawahonge maakida ili wapumzishwe kazi. Kilichowashikilia zaidi kilikuwa kiinua mgongo, yaani malipo ya kustaafu, ambacho kilifikia dinari 3,000, zaidi ya mishahara ya miaka 13, nacho kilitoka katika mfuko maalumu ulioanzishwa mwaka 6 na kugharimiwa na kodi ya asilimia 5 ya urithi. Raia wa Roma waliichukia kodi hiyo, lakini ilikuwa hatua ya busara, kwa kuwa mkongwe wa jeshi sasa aliitegemea hazina ya dola badala ya hisani ya mkubwa wake.

Palibaki pengo moja. Akiba za askari zilihifadhiwa kambini, pamoja na nembo takatifu za legioni, na mwaka 89 Saturninus, gavana aliyekuwa na legioni mbili Mainz, alipoasi, ilidhaniwa kwamba wingi wa fedha hizo ndio uliomtia moyo. Kaisari Domitianus, baada ya uasi kuzimwa, alikataza legioni mbili kukaa kambi moja, wala askari asiweke humo zaidi ya dinari 250.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa Roma kwenyewe, kwa Wapretoria, walinzi wa kaisari, waliozoea kupewa bahashishi kila mtawala mpya alipotawazwa. Kaisari Galba aliwanyima, wakamuua Januari 69. Mwaka 193 walimuua Kaisari Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake, na Didius Julianus akakipata kwa kuahidi dinari 6,250 kwa kila mlinzi. Hakudumu hata miezi mitatu, kwani legioni za mto Danube zilimtangaza Septimius Severus, ambaye alipofika aliwanyang'anya Wapretoria silaha, akawafukuza, akaweka mahali pao askari wa legioni zake mwenyewe na kuwapandishia wanajeshi mshahara, ambao mwanawe Caracalla aliuongeza tena kwa nusu.