Mpiga Ngoma na Mtoto wa Ishara

Kabla redio haijafika vitani, amri ilisafiri kwa ngoma. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, wapiga ngoma wengi walikuwa watoto. Ngoma iliamsha kambi, ikaita gwaride, na ndani ya moshi wa bunduki ikawajulisha askari wasonge mbele au warudi nyuma. Mapigano yakitulia, watoto hao hao walibeba majeruhi. John Clem, aliyezaliwa 1851, alikifuata kikosi cha Michigan hata kabla ya kubaleghe. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant alimpa kamisheni, naye akastaafu 1915 akiwa brigedia jenerali.

Clem amesifiwa vya kutosha huko kwao. Sisi twataka kumtaja wa kwetu.

Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mwana wa askari wa Kisudani aliyefikia cheo cha efendi katika jeshi la Wajerumani, waliotawala pia hapa Kigali. Vita vilipozuka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mtoto alikuwa na miaka 10. Yeye hakupewa ngoma. Alifunzwa kupeleka ishara. Askari yeyote aliyelea watoto kambini anajua jinsi wanavyopenda kuigiza gwaride, lakini hili halikuwa igizo. Mei 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigali. Oktoba 1917 Husen alikuwa bado vitani, kusini kabisa. Alijeruhiwa Mahiwa, karibu na Lindi, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa marehemu baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Sisi tunaohesabu siku za mwisho wa mwezi hatuhitaji kuelezwa uzito wa jibu hilo. Baadaye aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa vilevile.

Alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika sinema. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, ukampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake lilitiwa katika njia ya waendao kwa miguu, mtaa wa Brunnenstraße alikokuwa akiishi.