Mpingo, mti unaozama majini

Chukua kipande cha mpingo chenye ukubwa wa kiganja, ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kitazama kama jiwe. Ugumu wa mti huu ndio unaomtoa jasho mchongaji wa Kimakonde pale Mwenge, Dar es Salaam: tezo hudunda, patasi hunolewa na kunolewa tena. Lakini akishamaliza kupiga msasa, kinyago hung'aa bila vanishi, cheusi chenye uzambarau kwa mbali.

Ugumu huohuo ndio ulioufikisha mpingo Ulaya. Watengenezaji wa klarineti, obo na zumari za mifuko za Uskochi wanaupenda kwa sababu hauvimbi ovyo kwa unyevu wa pumzi, na tundu likishatobolewa hubaki lilivyotobolewa.

Porini, Kilwa au Lindi, unaweza kuupita usiutambue. Ni mti mfupi, umepinda, una miiba na matawi yasiyo na mpangilio. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Ukikatwa, sehemu ya nje ni nyeupe na haina soko. Mali ni kiini cheusi, nacho mara nyingi kina nyufa au kimeoza katikati, hivyo gogo zima huweza kutoa vipande vichache tu vya kutengenezea ala. Mti uliomzidi bibi yangu umri kugeuka pumba za mbao! Roho huniuma.

Ndiyo maana nawaheshimu wanakijiji wa Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la MCDI, viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu. Mti uliokuwa ukiondoka na mfanyabiashara wa mbali sasa una mwenyewe, na mwenye mti ndiye anayejua upi ukatwe na upi uachwe ukue.

Nawe mnunuzi una sehemu yako. Kabla ya kulipia kinyago, kipime mkononi. Kikiwa chepesi, huenda ni mti mwingine uliosuguliwa kiwi ya viatu. Kikiwa kizito, usimkandamize mchongaji kwa bei: mlipe anachostahili.