Ndoo ya Umeme Haizai Mbolea

Swali ni lile lile, kuanzia mtaa wa Mangobo hadi wa Lubunga: "Profesa, hewa imejaa naitrojeni na mto Tshopo unatupa umeme. Nikitia nyaya mbili za betri katika ndoo ya maji ya chumvi, sitapata mbolea?" Hupati. Naomba jambo hili liishe leo.

Wanaouza ujanja huu wana ushahidi wa aina mbili. Kwanza, harufu kali, wanayoiita amonia. Si amonia. Maji ya chumvi yakipitishiwa umeme hutoa klorini, nayo ikikutana na soda inayozaliwa kwenye waya wa pili huwa maji ya Javel, yale yale ya kufulia. Pili, karatasi ya litmasi hugeuka buluu. Inageuzwa na soda hiyo hiyo. Mwagia mboga ya lengalenga maji hayo, utaiunguza. Anayeongeza mkojo ndani yake ili "mbolea ikolee" anazalisha kloramini, sumu inayochoma mapafu.

Atomi mbili za naitrojeni hewani zimeshikana kwa vifungo vitatu. Kuzitenganisha kunadai kilojuli 945 kwa moli. Umeme hufuata njia nyepesi: huyapasua maji, hidrojeni ikatoka. Hata maabara kubwa zimedanganywa na amonia iliyotoka katika glavu na pumzi za watafiti. Ndiyo maana mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utaratibu wa ukaguzi: tumia naitrojeni-15, kisha thibitisha kwamba ndiyo iliyoingia katika amonia yako. Muuzaji wa ndoo alete kipimo hicho, au anyamaze.

Umeme hufanya kazi kubwa pale naitrojeni ilipokwisha kufunguliwa. Katika miaka ya 1960 Monsanto ilianza kuunganisha akrilonitrili kwa umeme kupata adiponitrili, malighafi ya nailoni. Maabara zinatengeneza urea kutokana na nitrati na kaboni dioksidi, bado kwa kiasi kidogo. Pia umeme unaweza kutoa hidrojeni tu, kazi ya naitrojeni ikaachiwa joto: huko Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe, viwanda vilitumia umeme wa mabwawa kutoa hidrojeni majini, kisha vikaikutanisha na naitrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa. Hiyo ndiyo njia ya kuuliza kuhusu mto wetu.

Wewe mkulima: zungusha mahindi na kunde, soya au karanga. Hifadhi mkojo mwezi mmoja katika bidoni iliyofungwa, uuchanganye na maji mara tano ya ujazo wake, umwagie udongo, si majani. Tia mboji. Ukinunua urea, tafuta namba 46 kwenye mfuko, kisha ifukie. Usiiache juu ya udongo. Fedha ya betri nunulia mbegu.